Koma si kipumuo tu: Sentensi moja ya chama Kariobangi na haki ya mjane

JUMAPILI mbili zilizopita, nilipokuwa kwa dada yangu mtaani Kariobangi South, mama mmoja jirani yake aliingia na karatasi mbili zilizokunjwa mara nne. Alinisalimu, akaketi, akaziweka mezani.

“Mwalimu,” akasema, “dada yako ananiambia umesoma Kiswahili mpaka kikaisha. Basi nisomee hii, uniambie kama ni mimi sijui kusoma au ni wao.”

Zilikuwa kurasa za katiba ya chama chao cha kufaana. Marehemu mumewe, fundi wa kuchomelea vyuma kule Light Industries, alijiunga na chama hicho mwaka 2016, na akatoa mchango wake kila mwezi hadi alipofariki mapema mwaka huu. Jina la mkewe na majina ya watoto wao wawili yaliingizwa kwenye daftari mwaka 2021, kamati ilipofungua ukurasa wa familia. Kifungu kinachohusu msaada wa msiba kinasema hivi:

“Chama kitalipa Sh80,000 kwa wajane na watoto wa wanachama walioandikishwa kabla ya Januari 2019.”

Mama huyu anasema mumewe aliandikishwa 2016, kwa hivyo alipwe. Kamati inasema yeye na wanawe waliandikishwa 2021, kwa hivyo hawana haki ya kulipwa. Kila upande unaweka kidole juu ya neno lile lile, ‘walioandikishwa’, na kila upande unamwona mwenzake kuwa mwongo au mjinga.

Nilisoma sentensi ile mara tatu. Kisha nikamwambia ukweli ambao haukumfurahisha: “Mama, unajua kusoma. Na wao pia wanajua. Asiyejua ni aliyeandika.”

Nimeamua kuleta kisa hiki katika safu hii, kwa ridhaa yake, kwa sababu ugonjwa ulio katika kifungu hicho nauona kila wiki: katika insha za wanafunzi wangu wa chuo kikuu, katika notisi zinazobandikwa kwenye malango ya ploti, na, tusijifiche, katika kurasa za magazeti. Ni ugonjwa wa kutojua fungu la maneno linaloeleza nomino liwekwe wapi, na koma itiwe wapi. Tena dawa tunayoagiza darasani siyo dawa yake.

Tuanze na koma. Katika vitabu vyetu vya shule alama hii ina majina kadhaa: koma, mkato, kituo kidogo, na kipumuo. Hilo la mwisho ndilo lililotuponza. Mtoto hufundishwa kwamba anapoandika na kuhisi pumzi imekatika, atie koma. Anakua na imani hiyo, anakuwa katibu wa chama au mwangalizi wa ploti, kisha anaandika: “Wakazi wote wa ploti hii, wanaombwa kulipa pesa za maji kabla ya Ijumaa.” Muulize koma hiyo inafanya nini hapo. Atakwambia sentensi ilikuwa ndefu, akapumua. Lakini amekata kiima na kukitenga na kiarifu chake! Wakazi wamebaki upande mmoja na ombi upande wa pili. Mapafu ya mwandishi hayana uhusiano wowote na sarufi. Koma ni alama ya kuonyesha maneno yapi yanakwenda pamoja na yapi hayaendi pamoja. Anayeisoma sentensi kwa sauti huenda akapumua hapo, naam, lakini pumzi hufuata muundo. Muundo haufuati pumzi.

Ikumbukwe pia kwamba Kiswahili kiliishi karne nyingi bila alama hii. Washairi wa pwani walioandika kwa hati ya Kiarabu, akiwemo Mwengo, mtunzi wa Utendi wa Tambuka wa mwaka 1728, hawakuwa na koma kama hii yetu. Mizani na vina ndivyo vilivyomwonyesha msomaji kipande kinaishia wapi. Koma tuliipokea pamoja na hati ya Kilatini na mitambo ya kupigia chapa. Si dhambi kupokea. Dhambi ni kupokea chombo cha mwenzako bila kuuliza yeye alikihitaji kwa nini, na wewe unakihitaji kwa nini.

Mwingereza alikihitaji sana. Lugha yake ina upungufu mmoja ambao sisi hatuna: maneno yake ya kueleza nomino hayabebi alama ya nomino yanayoieleza. Akisema “the cars of the teachers that arrived late”, ni nini kilichochelewa, magari au walimu? Hakuna ajuaye. Inambidi apange upya au atafute msaada wa koma. Sisi tunasema “magari ya walimu yaliyochelewa” au “magari ya walimu waliochelewa”, na mambo yamekwisha. Kiambishi kimoja, *ya* au *wa*, kimefanya kazi ambayo Mwingereza anaifanya kwa jasho. Huo ndio upatanisho wa kisarufi, na ndiyo kamba inayofunga kila fungu kwa mwenyewe.

Nina mfano ninaoupenda kwa kuonyesha tofauti hii. Walimu wengi wa Kiingereza hufundisha umuhimu wa koma kwa sentensi ya mjukuu anayemwalika bibi yake mezani: pasipo koma, inakuwa kana kwamba bibi ndiye chakula. Walimu wetu wa Kiswahili wameitafsiri sentensi hiyo na kuipeleka darasani kama ilivyo: “Tule, nyanya” na “Tule nyanya”. Jamani! Ukiondoa koma hapo, mtoto yeyote wa Kariobangi ataelewa kwamba tunakula zile nyanya za kwa mama mboga. Bibi yuko salama salimini. Ili aliwe, ingebidi useme “Tumle nyanya”, maana kiumbe kinapokuwa shamirisho, kitenzi chetu hukidai kiambishi chake. Hatari ambayo Kiingereza kiliizuia kwa koma, Kiswahili kilikwisha kuizuia kwa *m*. Mfano ule haufundishi lolote kuhusu Kiswahili, isipokuwa kwamba tumezoea kuazima hata matatizo.

Basi kanuni ya kwanza ninayowapa wanafunzi wangu ni hii: kabla ya kuitafuta koma, angalia kiambishi. Makosa mengi tunayoyacheka ni ya kufunga kamba kwenye mti usio wake. Ukitembea soko la Kariobangi hutakosa kibao cha “viatu vya watoto wa ngozi”. Watoto wa ngozi ni watoto gani hao? Alichokusudia mwenye duka ni “viatu vya ngozi vya watoto”. Hatua chache mbele utaona “maziwa ya ng’ombe mbichi”, ukajiuliza kama kuna ng’ombe aliyechemshwa. Ni “maziwa mabichi ya ng’ombe”. Hizi ni kasoro ndogo, na mteja hununua hata hivyo kwa sababu macho yake yanamwona mtoto, kiatu na chupa. Taabu huanza pale ambapo macho hayana cha kuona ila karatasi.

Na kamba yenyewe hukatika. Kuna mahali ambapo upatanisho hautuokoi, na nitataja manne.

Pa kwanza ni pale nomino mbili za ngeli moja na idadi moja zinapofuatana. Hapo ndipo alipoangukia katibu wa chama. Wajane ni A-WA. Watoto ni A-WA. Wanachama ni A-WA. Neno ‘walioandikishwa’ linaweza kumshika yeyote kati yao bila kuvunja kanuni hata moja. Na kasoro haziishi hapo. ‘Wa wanachama’ inawafunga watoto peke yao, au watoto pamoja na wajane? Tukiisoma kwa ukali, chama kimeahidi kulipa kila mjane aliyeandikishwa, hata asiye wa mwanachama! Na hizo Sh80,000 ni za kila mtu au za familia nzima? Maneno kumi na mawili, maswali matatu.

Je, koma ingesaidia? Tuijaribu: “kwa wajane na watoto wa wanachama, walioandikishwa kabla ya Januari 2019.” Wako watakaosema sasa fungu la mwisho limeachana na ‘wanachama’ na limewashika wote waliotangulia. Wengine watasema koma ile ni ya pumzi tu, kama walivyofundishwa. Ugomvi utabaki ule ule, umeongezewa nukta yenye mkia.

Pa pili ni kwenye vitenzi vya *ku* visivyo na mwenyewe. Kitenzi chetu kwa kawaida hubeba nafsi yake: ‘nilipofika’, ‘alipofika’, ‘walipofika’. Lakini tukisema ‘baada ya kufika’, nafsi imepotea, na msomaji huitafuta katika kiima kinachofuata. Sisi wa magazeti hatuna haki ya kumcheka katibu wa chama hapa. Sentensi za aina hii huzisoma kila uchao: “Baada ya kupigwa risasi mguuni, polisi walimkimbiza hospitalini.” Nani alipigwa risasi? Kwa mpangilio huo, polisi. Hapo pia koma ipo, tena mahali pake barabara, na bado sentensi inasema uongo. Andika “Baada ya mshukiwa kupigwa risasi mguuni, polisi walimkimbiza hospitalini”, na mambo yatakaa sawa. Kosa hili linafanana na lile ambalo walimu wa Kiingereza wanalikemea, la fungu linaloning’inia bila mwenyewe. Tofauti ni kwamba sisi tuna njia rahisi ya kuliepuka: mrudishie kitenzi nafsi yake.

Pa tatu ni neno ‘tu’ na ndugu yake ‘pekee’. Haya hayana kiambishi cha ngeli hata kidogo. Yanategemea mahali. “Wanachama tu watapokea mikopo Jumamosi” inawafungia nje wasio wanachama. “Wanachama watapokea mikopo tu Jumamosi” inawanyima gawio. “Wanachama watapokea mikopo Jumamosi tu” inawaambia Jumatatu wasije. Neno ni lile lile, na limebeba mzigo tofauti kila lilipohamishwa. Kanuni ni kuliweka bega kwa bega na neno linaloliwekea mpaka.

Pa nne, na hapa ndipo koma inapokuwa na enzi yake ya kweli, ni ‘ambao’. Chukua notisi mbili za kubuni: “Wachuuzi ambao wamezuia barabara wataondolewa Jumatatu” na “Wachuuzi, ambao wamezuia barabara, wataondolewa Jumatatu.” Viambishi ni vile vile. Mpangilio ni ule ule. Lakini notisi ya kwanza inawaondoa baadhi, wale waliozuia barabara. Ya pili inawaondoa wote, na njiani inawatuhumu wote kwamba wamezuia barabara. Mama mboga aliyepanga mboga zake nje ya njia atalala usingizi chini ya notisi ya kwanza. Chini ya ya pili, itambidi afungashe. Hapo koma mbili zimebeba kibanda kizima. Anayetaka kukwepa hatari hiyo na aandike ‘waliozuia’, kwa maana umbo hilo aghalabu huchagua wahusika na kuacha wengine.

Yuko msomaji atakayesema: Profesa, haya ni mambo ya vyama vya mtaani, mwenye akili ataelewa tu. Siyo hivyo. Watu wamepoteza mamilioni, na hata uhai, kwa sentensi za aina hii.

Roger Casement aliwahi kuwa konsuli wa Uingereza nchini Kongo, na ripoti yake ya mwaka 1904 ndiyo iliyoueleza ulimwengu kuhusu ukatili wa biashara ya mpira chini ya Mfalme Leopold. Miaka kumi na miwili baadaye, Casement, mzaliwa wa Ireland, alishtakiwa London kwa uhaini kwa kuwa alikwenda Ujerumani wakati wa vita kutafuta msaada wa kuikomboa nchi yake. Sheria iliyotumika ilikuwa ya mwaka 1351, iliyoandikwa kwa Kifaransa cha Wanormani. Ilimtaja mtu anayeshikamana na maadui wa mfalme ndani ya ufalme, akiwapa msaada ndani ya ufalme au kwingineko. Swali likawa: maneno hayo ‘au kwingineko’ yanashika nini? Kama yanashika mahali msaada unapotolewa tu, basi sheria ilimhusu mhaini aliye ndani ya ufalme, na Casement alikuwa Ujerumani. Kama yanarudi nyuma hadi kwenye kule kushikamana na maadui, hana pa kukimbilia. Majaji wawili walikwenda kuitazama hati ya kale yenyewe, kuona alama zilizomo. Casement alinyongwa tarehe 3 Agosti 1916. Tangu hapo imebaki kusemwa kwamba alinyongwa na koma.

Nchini Marekani, madereva wa kampuni ya maziwa ya Oakhurst, jimboni Maine, walidai malipo ya saa za ziada. Sheria ya jimbo iliwanyima malipo hayo wafanyakazi wa shughuli zilizoorodheshwa, na orodha iliishia kwa maneno ambayo kwa Kiswahili ni kama “kufungasha kwa ajili ya kusafirisha au kusambaza”. Je, kusambaza ni kazi inayojitegemea, au ni sababu ya pili ya kufungasha? Madereva walisambaza, hawakufungasha. Mbele ya ‘au’ hapakuwa na koma. Mwaka 2017 mahakama ya rufaa iliona kwamba maneno yale yana utata na ikawaegemea madereva. Mwaka uliofuata kampuni ilikubali kulipa dola milioni 5 kumaliza kesi. Na angalia, hata katika tafsiri yangu utata umebaki, kwa sababu vitenzi vyote vitatu ni vya *ku*, na *ku* haina mwenyewe.

Nirudi Kariobangi. Nilichukua kalamu, nikamwandikia yule mama vifungu viwili ili awapelekee kamati. Cha kwanza: “Mwanachama aliyeandikishwa kabla ya Januari 2019 akifariki, chama kitailipa familia yake, yaani mjane na watoto wake kwa pamoja, Sh80,000.” Cha pili: “Mwanachama akifariki, chama kitalipa Sh80,000 kwa mjane na watoto wake kwa pamoja, mradi wao wenyewe waliandikishwa kabla ya Januari 2019.” Tazama kilichofanya kazi. Nimemfanya mwanachama kuwa mmoja badala ya wengi. Papo hapo *a* ya ‘aliyeandikishwa’ ikajitenga na *wa* ya ‘waliandikishwa’, na hakuna tena anayeweza kumshika asiyehusika. Koma zipo, lakini zinatenga sharti na ahadi. Hazikuitwa kuja kuamua ugomvi.

Chini yake niliandika kwamba, kama mtaalamu wa lugha, siwezi kuapa ni kipi kati ya viwili ambacho waanzilishi walikikusudia, kwa kuwa sentensi yao inavibeba vyote viwili. Lakini niliwakumbusha jambo ambalo wanasheria wanalijua vyema: maneno ya mkataba yakiwa na utata, hufasiriwa dhidi ya aliyeyaandika. Mjane huyu hakuandika chochote. Mumewe alitoa pesa kila mwezi akiamini kwamba tarehe iliyoandikwa ni yake, na hakuna aliyemwambia vinginevyo alipokuwa hai. Hata ukurasa wa familia wenyewe haukuwepo kabla ya 2021. Sasa mjane angeandikishwa wapi kabla ya Januari 2019? Mimi naona hoja hiyo peke yake inatosha kumlipa. Kamati itakutana Jumapili ijayo.

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, Ibara ya 7, imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha mbili rasmi. Katiba hiyo hiyo, Ibara ya 259, inasema kwamba matoleo ya lugha mbalimbali yakigongana, toleo la Kiingereza ndilo litakaloshinda. Wapo wenzangu wanaolalamikia kifungu hicho, na mimi ni mmoja wao. Lakini malalamiko hayatatufikisha mbali iwapo sisi wenyewe, tunapoachiwa uwanja wetu, katika katiba za vyama, notisi za ploti na habari za magazeti, tunaandika sentensi ambazo mjane na kamati wanaweza kuzivuta kila mmoja upande wake. Kiswahili kina kamba imara kuliko lugha nyingi. Tuache kuifunga ovyo, na tuache kuwafundisha watoto kwamba koma ni mapafu.

Makatibu wa vyama, ombi langu kwenu ni dogo. Mkimaliza kuandika kifungu, msikisome kwa macho ya atakayelipwa. Kisomeni kwa macho ya atakayenyimwa, muone kama kuna neno anaweza kulishika na kulivuta.

Yule mama alipokuwa akiondoka, alisimama mlangoni na zile karatasi mkononi. “Kwa hivyo, mwalimu,” akaniuliza, “mume wangu alilipa miaka yote hiyo, na sasa mambo yamesimama kwa *a* na *wa*?”

Nikamwambia ndiyo, mama. Yamesimama hapo.